Mashine Iliyofundishwa Kuamkia

Jambo la kwanza analoliona mtu akikutana naye ni kwamba hadakii maneno. Ukimaliza kusema, hakimbilii kujibu. Hukutazama, hutulia kidogo kama mtu anayesubiri mlango ujifunge wenyewe, ndipo hufungua kinywa. Wageni wengi hudhani hakusikia, basi hurudia maneno yao kwa sauti kubwa zaidi. Wengine hudhani anajisikia. Ni baada ya kumzoea ndipo mtu hugundua kwamba katika ule ukimya mfupi amejikuta akiongeza neno ambalo hakukusudia kulisema, na kwamba mara nyingi neno hilo ndilo lililomleta.

Ndiyo maana jina lake huchekesha. Nyumbani kwao, mtaani, na hata katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe, kila mtu humwita Cherehani.

Jina hilo alilipata kwa mama yake, fundi wa kushona nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa sebule asubuhi na mapema, na kikawa karakana siku nzima. Meza ya kukatia vitambaa ilikaa dirishani. Magauni ambayo hayajapigwa pindo yalining'inia kwenye misumari, na chini kulikuwa na vipande vya nguo vilivyofagiliwa jioni na kurudi asubuhi. Mama alikuwa na tabia ya mafundi wengi: alipokuwa akipima na kukunja, alibana pini kwenye midomo. Akiwa hivyo hakuweza kusema, na binti yake, aliyekuwa akicheza chini ya meza, aliiona nafasi hiyo akaitumia yote.

"Mama, mbona uzi huu mwekundu unakatika na ule mweupe haukatiki? Mama, sindano ikichoka inakwenda wapi? Mama, yule mama aliyetoka sasa hivi, mbona kasema gauni limembana na wakati yeye ndiye aliyenenepa?"

Wateja walivunjika mbavu. Mama alitoa pini zake na kuwaambia, "Humu ndani nina cherehani mbili. Hii ya chuma hunyamaza nikiinua mguu. Ile ya chini ya meza walisahau kuiwekea breki."

Shuleni hakupunguza mwendo. Chumba cha kompyuta kilipofunguliwa, wenzake walisukumana kugusa kipanya na kuandika majina yao kwa rangi. Yeye alitaka kujua kwa nini mashine ile ikiambiwa jambo moja hulifanya jambo hilohilo na hailizidishi. Alimchosha mwalimu wa somo hilo hadi akapewa ufunguo wa chumba, ajiulize mwenyewe na ajijibu mwenyewe. Chuoni alisoma uhandisi wa kompyuta, akafaulu vizuri, na kabla joho la mahafali halijarudishwa alikuwa tayari ameajiriwa katika kampuni ya simu, kitengo cha huduma kwa wateja.

Hapo ulimi wake ulipata soko. Ukutani mwa ofisi hiyo kulikuwa na kioo kikubwa kilichoonyesha urefu wa kila simu. Simu fupi iling'ara kijani, na iliyorefuka iligeuka nyekundu, na msimamizi akaja kusimama nyuma ya kiti chako akikohoa. Mtumishi bora alikuwa yule anayemaliza mapema. Cherehani alimaliza kuliko wote. Alijua kumkata mteja maneno kwa adabu kiasi kwamba mteja aliaga akiwa anashukuru, bila kukumbuka kwamba nusu ya shida yake amebaki nayo. Picha yake ilibandikwa karibu na mlango, ikakaa hapo hadi kingo zikajikunja. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu, kama si bibi yake.

Bibi huyo, mama mzazi wa baba yake, aliishi upande wa pili wa mji na alikuwa na shinikizo la damu. Siku moja, Cherehani akiwa likizoni, alikwenda kumsalimia na kukuta mlango umefungwa. Alikaa kizingitini. Jua lilikuwa limeshapanda sana ndipo bibi alipotokea, mkoba mtupu begani, viatu mkononi, akitembea pembeni mwa ukuta ili apate kivuli.

"Shikamoo, bibi. Umetoka zahanati? Dawa umepata?"

"Marahaba. Nimepata jua, mjukuu wangu. Nimepewa jua la kutosha, na la wiki ijayo nimewekewa."

"Hawana dawa tena?"

"Nesi kasema zitakuja. Na safari iliyopita alisema hivyohivyo. Yule binti hasemi uongo, anarudia tu."

"Si ungepiga simu kwanza, bibi, kabla ya kwenda?"

Bibi alikaa, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamwangalia kwa huruma kama vile mgonjwa ni mjukuu. "Nimpigie nani? Dawa?"

Swali hilo Cherehani alirudi nalo kazini. Kila kioo kilipong'ara kijani alilisikia. Hatimaye aliandika barua ya kuacha kazi, akaibandua picha yake mlangoni asimwachie mtu mwingine kazi hiyo, akaenda kumweleza mama.

Mama alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kisponji, jambo ambalo alilifanya tu kukiwa na msiba au mteja aliyekataa nguo.

"Umeacha kazi ya kwenye kiyoyozi uje kuniambia dawa hazina simu?"

"Ndiyo, mama. Nataka ziwe nayo."

"Na hiyo kampuni yako ina nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na Profesa."

"Yule aliyenitengenezea simu akabakiza skrubu mezani?"

"Si inafanya kazi, mama?"

"Inafanya. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa amesoma naye chuo, alivaa miwani minene, na alikuwa na mazoea ya kueleza jambo akianza na chanzo cha ulimwengu. Lakini kwa kuandika programu hakuwa na mpinzani, na alikuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la fotokopi. Mashine za chini ziliponguruma, vikombe vya chai juu ya meza vilitetemeka na kusogeleana. Walitundika mabaki ya vitambaa vya mama na vipande vya godoro kuukuu kwenye kuta ili sauti isivume, na hapo wakajifunga kibwebwe.

Walichokitengeneza kilikuwa chepesi kueleza. Kila asubuhi nesi wa zahanati angeingiza katika simu yake dawa zilizopo na jina la daktari wa zamu. Mgonjwa, hata mwenye simu ndogo ya vitufe, angepiga namba moja, na sauti ingempokea: ukitaka kujua kama dawa yako ipo, bonyeza moja, ukitaka kujua kama daktari yupo, bonyeza mbili. Angejibiwa akiwa amekaa kwake, kisha aamue mwenyewe kama safari ina maana. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya Cherehani. Bibi hakuambiwa. Cherehani alitaka aizoee kwanza, halafu siku moja amfumbulie.

Daktari Mkuu, aliyesimamia zahanati zote za wilaya, aliwapokea ofisini kwake akiwa amesimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, aliyezungumza huku akitafuta funguo za gari.

"Nawapa zahanati moja, hadi mwisho wa mwezi," alisema. "Lakini tusidanganyane. Vijana sina shida nao. Mabenchi yangu yamejaa wazee. Wazee wakiitumia hiyo namba yenu, naifungua kwa zahanati zote. Wasipoitumia, tunapeana mikono, kila mtu anashika njia yake."

Cherehani alichagua zahanati ya mtaa wa bibi yake. Matangazo yalibandikwa mlangoni, kwenye dirisha la dawa, na kwenye mti wa kuegeshea baiskeli. Simu zikaanza kuingia siku hiyohiyo. Profesa alicheza peke yake katikati ya chumba, na mwenye duka la fotokopi akagonga dari kwa ufagio.

Furaha hiyo haikudumu. Namba zilizopiga zililinganishwa na zile za kwenye kadi za wagonjwa, na picha iliyojitokeza ilikuwa mbaya. Vijana walipiga, wakabonyeza, wakajibiwa, wakakata. Wazee walipiga pia, tena kwa wingi, lakini walikata katikati, kabla ya kubonyeza chochote. Kisha asubuhi walionekana palepale kwenye mabenchi, na mikoba yao magotini.

"Wazee hawapendi mashine," Daktari Mkuu alimwambia kwenye simu. "Maneno ni mengi. Fupisheni."

Hilo Cherehani alilielewa upesi, kwa sababu ndilo alilofundishwa. Alipunguza maneno ya kukaribisha. Wazee wakakata. Aliondoa jina la huduma. Wakakata. Profesa alizidisha mwendo wa sauti kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mama alipoisikia akauliza kama binti wa kwenye simu anafukuzwa na mbwa. Wazee sasa walikata mapema zaidi.

Mwezi ulikuwa ukielekea ukingoni. Profesa alivua miwani, dalili ya kwamba ana jambo zito.

"Tukubali yaishe. Vijana wanaipenda. Tuwatengenezee vijana kitu kingine."

"Kijana ana miguu," Cherehani alisema. "Akikosa dawa anarudi anapiga mluzi. Mimi sikuacha kazi kwa ajili ya mtu anayepiga mluzi."

"Basi tufanye nini? Tumeshakata kila neno."

Cherehani alirudi mezani, akafungua tena orodha ya simu zilizokatwa.

Jibu lilikuja mchana wa mvua. Umeme ulikatika, mashine za fotokopi zikazima, vikombe vikatulia. Mtandao nao ulikwenda na umeme, kwa hiyo ile michoro waliyokuwa wakiitazama kila siku haikufunguka. Kilichobaki ndani ya kompyuta yake kilikuwa rekodi za simu zenyewe. Kila mpigaji aliambiwa kwamba anarekodiwa ili huduma iboreshwe, na rekodi zilihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini hakuna aliyewahi kuzisikiliza. Kwenye kazi yake ya zamani simu ilipimwa kwa urefu, na alizoea kupima hivyo. Alivaa visikizio masikioni kwa kukosa la kufanya.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye sauti nzito. "Hallo? Ee, hujambo, binti?" Chini ya sauti yake ilisikika ile iliyorekodiwa ikikimbia na moja na mbili zake. "Habari za hapo? ... Ngoja kwanza. Ngoja. Mbona unakimbizwa?" Akakata.

Mwingine alikuwa mwanamke, sauti yake ndogo na ya upole. Alisalimu, akasubiri, akasalimu tena. Halafu akasema taratibu, "Samahani, mwanangu, naona nimekukuta una kazi. Nitakupigia baadaye." Akakata. Rekodi ilionyesha kwamba alipiga tena kesho yake, na siku iliyofuata, na kila mara aliomba radhi.

Wa tatu alisikiliza kimya mpaka mwisho wa maneno ya kukaribisha, akasema kwa kejeli tamu, "Marahaba, mwanangu, ingawa hukuniamkia." Akakata.

Cherehani alikuwa ameanza kuona haya. Alifungua nyingine, na sauti iliyotoka ilimfanya akae wima.

"Wee binti! Nakusalimu huitikii, nakuuliza hunijibu, kazi yako bonyeza, bonyeza. Mimi nina mjukuu wa rika lako, tena anaongea kuliko wewe, lakini akiniona huniamkia kwanza. Kalale. Ukiamka tutaongea."

Cherehani alicheka mpaka visikizio vikamtoka. Halafu akashika tama.

"Nini?" Profesa aliuliza gizani.

"Nimegombezwa na bibi yangu. Kaniambia ana mjukuu wa rika langu, na kwamba yule ana adabu kunizidi mimi."

Alimpa visikizio. Profesa alisikiliza simu moja, mbili, tatu, akiwa ameukunja uso. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maelezo ya kuanzia mbali. Walikuwa wamekata kila neno, kumbe lililotakiwa ni lile ambalo hawakuwahi kuliweka. Mtu mwenye sauti ya binti alikuwa akiwapokea watu wazima bila salamu, halafu hakuwaachia hata nafasi ya kumsalimu yeye. Wazee hawakuwa wamekataa mashine. Walikuwa wamejaribu kuzungumza nayo, ikawageuzia mgongo.

"Tunaweka shikamoo," Cherehani alisema. "Halafu tunanyamaza mpaka mtu aitikie."

"Tumwamkie kila mtu? Akipiga kinyozi wa hapo ng'ambo, tumwamkie?"

"Atacheka. Akicheka hatakata."

"Na tunanyamaza kwa muda gani? Maana wazee hawaishii marahaba. Watauliza wazazi, watauliza kazi, watauliza mvua."

"Mpaka wamalize."

"Mashine itajuaje kwamba wamemaliza?"

"Hiyo ndiyo kazi yako, Profesa."

Na ilikuwa kazi kwelikweli. Walifanya jaribio la kwanza kwa mama. Sauti ilisema shikamoo, mama akaitikia huku mguu wake ukiendelea kukanyaga, na mlio wa cherehani ukaifanya mashine idhani bado anaongea. Ilisubiri. Mama naye alisubiri. "Sasa hapa nani anamstahi nani?" aliuliza mama. Profesa alirudi juu ya duka la fotokopi akiwa amenuna, akaanza kuifundisha programu kutofautisha sauti ya mtu na kelele za nyumba: cherehani, redio, kuku, mtoto anayelia, bati linalopigwa na mvua. Kinyozi alijitolea kupiga simu za majaribio. Alipoamkiwa mara ya kwanza alimwacha mteja amenyolewa nusu ya kichwa. "Marahaba! Jamani, leo nimeamkiwa na kampuni nzima!" Alipiga tena na tena mpaka wakamwomba apumzike.

Kazi iliyomshinda Cherehani ilikuwa ile aliyodhani ni ndogo, yaani kurekodi upya. Alisema "shikamoo" vizuri, lakini mara tu baada yake maneno mengine yalikuwa tayari yamejipanga mdomoni, na sauti yake ilisikika kama ya mtu anayengoja umalize ili apite. Walirudia hadi koo likakauka. Mama aliyekuwa amekuja kuleta vitambaa zaidi vya ukutani alisikiliza kidogo, akatoa pini kwenye nguo yake.

"Shika hii. Ukishasema shikamoo, ibane mdomoni. Anayeitikia akimaliza, itoe, uendelee."

"Mama, hapa hakuna mtu anayeitikia."

"Mimi nitaitikia."

Basi mama alikaa mbele yake juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akawa wazee wote wa mtaa. Cherehani aliamkia na kubana pini. Mama aliitikia, akauliza hali, akauliza kazi, akalalamikia goti, akatulia. Cherehani alitoa pini na kusema, "Ahsante, hatujambo. Pole na hali. Nikusaidie nini leo?" Safari hiyo sauti ilikuwa ya mtu aliyesikia. Tangu siku hiyo huo ukimya haukumtoka tena. Siku moja alimwuliza mama kama miaka ile yote, chini ya meza, alikuwa kweli akisikiliza. "Ningefanya nini kingine?" mama alijibu. "Nilikuwa na pini mdomoni." Lakini maswali ya binti yake aliyatamka moja baada ya jingine, pamoja na lile la sindano iliyochoka.

Siku za majaribio zilikuwa zimebaki chache. Kubadilisha sauti kulihitaji ruhusa, na Daktari Mkuu hakupendezwa.

"Niliwaambia mfupishe, ninyi mnarefusha!" alisema, funguo za gari mkononi. "Mgonjwa anataka dawa, hataki hadithi. Mimi nina zahanati ngapi, nina wagonjwa wangapi, halafu mnaniletea mashine ya kupiga soga?"

Cherehani hakujibu. Alimtazama, akatulia. Pini haikuwapo, lakini midomo yake ilibana kana kwamba ipo.

"Si kwamba sipendi adabu," Daktari Mkuu aliendelea, sauti ikishuka. "Mama yangu mwenyewe hakunyweshi chai hujamsalimu. Lakini hii ni mashine."

Bado alitulia.

"Hata yeye alikata," akaongeza, akitazama dirishani. "Nilimpa namba yenu, akasema haongei na mtu wa namna hiyo."

"Daktari," Cherehani alisema, "naomba upige namba hii kwa simu yako. Tumeiweka ya majaribio. Ukiona inakupotezea muda, tunapeana mikono leoleo."

Alipiga huku amesimama, akaweka sauti ya nje ili waisikie pamoja. Simu ilipokelewa. "Shikamoo," ilisema sauti, ikanyamaza.

"Marahaba, hujambo, mwanangu? Habari za ..."

Daktari Mkuu alijisikia mwenyewe, akakatisha maneno. Nyuma ya mlango katibu wake aliangua kicheko, akajitia kukohoa. Sauti ilisubiri bado. Alipokuwa amenyamaza kabisa, ilisema, "Ahsante, hatujambo. Pole na hali. Nikusaidie nini leo?"

Alizitazama funguo zake, akaziweka mezani, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa.

"Endeleeni," alisema.

Kabla mwezi haujaisha, wazee wa mtaa ule walikuwa wakipiga na kufika mwisho. Yule mwanamke mpole aliyeomba radhi alipiga asubuhi, akaulizia dawa ya sukari, akajibiwa kwamba ipo, akasema, "Ahsante, mwanangu, ubarikiwe," na mashine, iliyofundishwa kusubiri, ilimsubiri mpaka akamaliza kuibariki. Mabenchi ya zahanati yalianza kuonyesha mbao zake. Bibi naye alipiga, na mjukuu wake alipokwenda kumfumbulia siri, alikuwa ameshaijua.

"Niliitambua sauti siku uliyojifunza kunyamaza," alisema. "Ile ya kwanza sikuijua. Nilidhani wamechukua mtu barabarani."

Daktari Mkuu alisoma taarifa hadi mwisho, lakini hakuwa mtu wa kushangilia haraka. "Huu ni mtaa wa bibi yako," alisema. "Nasikia kazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wapige. Wamepiga kwa sababu yenu, au kwa sababu yake?" Hilo lilikuwa kweli, na Cherehani hakulikana. "Basi tufungue zahanati zote," akasema Daktari, "hata zile za mwisho wa barabara, ambako hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani. Nitakuja kusikiliza mwenyewe siku ya kwanza. Wazee wasiowajua wakifika mwisho, mtabaki. Wakikata, nami nakata."

Asubuhi ya leo ndiyo hiyo siku ya kwanza. Ndani ya chumba kilicho juu ya duka la fotokopi, mwenye duka amekubali kuzima mashine zake kwa muda, tena amepanda mwenyewe kuja kuangalia. Profesa ameketi mbele ya kompyuta, miwani yake ikiwa safi kuliko kawaida. Kwenye kioo zimepangwa zahanati zote za wilaya, kila moja na kitaa chake kidogo cha kijivu ambacho kitageuka kijani simu ikiingia. Manesi wameshaingiza dawa zao. Wa zahanati ya mbali kuliko zote alichelewa, halafu naye akaingiza. Daktari Mkuu yuko kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mama yuko juu ya ndoo yake ya rangi, kipande cha kitambaa mapajani, maana hawezi kukaa bila kushona.

Bibi amepigiwa tangu alfajiri na kuombwa asipige.

"Kwa nini nisipige? Namba si ya watu wote?"

"Ni ya wote, bibi. Ila leo tunataka mgeni apige kwanza."

"Haya. Nimekaa na simu mkononi. Mgeni wenu asipotokea, msinilaumu."

Milango ya zahanati imeshafunguliwa. Mahali fulani mwisho wa barabara, mtu mwenye goti bovu na kadi ya dawa amesoma tangazo, au amesomewa, naye anatafakari kama apige au aende tu kama siku zote.

"Na wakikata?" Daktari Mkuu anauliza.

Cherehani anamtazama, anatulia.

"Nimeuliza tu," Daktari anasema. "Hata mama yangu nimempa namba tena. Kasema atafikiria."

Mama anachomoa pini kwenye kitambaa chake, anamnyooshea binti yake bila kusema kitu. Cherehani anaipokea, anaibana midomoni, na wote wanavigeukia vile vitaa vya kijivu.